Siku za Kurudi Nyuma: Kwa Mama Aliyejifungua kwa Upasuaji

Mama mwenzangu, unapotoka wodini hupewa dawa, tarehe ya kurudi na maelekezo ya kutunza mshono. Jambo moja wengi hatuambiwi: utapata siku za kurudi nyuma. Leo utakwenda bafuni bila kushika ukuta, ufurahi, ukunje na nguo za mtoto. Kesho utaamka mshono unavuta, damu iliyokuwa imefifia imekuwa nyekundu tena, na machozi yako karibu. Siku kama hiyo mama wengi hudhani wameharibu kila kitu. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Unachotakiwa kujifunza ni kupambanua siku inayotaka ulale na siku inayotaka uende hospitali, bila kuzichanganya hizo mbili.

Anza kwa kujua ulichofanyiwa. Daktari alipita kwenye ngozi, mafuta, utando mgumu unaoshikilia tumbo, utando mwembamba wa ndani, kisha ukuta wa mfuko wa uzazi. Misuli ya tumbo kwa kawaida haikatwi, husogezwa kando. Kila tabaka lina mwendo wake wa kupona. Ngozi hufunga ndani ya wiki moja au mbili, na hapo ndipo watu wa nyumbani wanapoanza kusema umeshapona. Ule utando mgumu bado. Unahitaji wiki sita na zaidi kabla ya kubeba kazi nzito, na kovu lenyewe huendelea kulainika na kubadilika rangi hata mwaka mzima. Kwa hiyo mshono uliokauka kwa nje usikupe ruhusa ya kuinua ndoo. Kwa wiki hizo za mwanzo usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako, na kutoka kitandani geuka kwanza ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono.

Damu ni kipimo kizuri cha kazi uliyofanya. Kwa kawaida hutoka kwa wiki kadhaa, hata sita, ikipungua na kupauka polepole. Ikirudi kuwa nyekundu baada ya siku yenye shughuli nyingi, mwili unakuambia umezidisha. Pumzika uone kama inapungua. Lakini pedi ikilowa yote ndani ya saa moja na nyingine ikafuata vivyo hivyo, au ukitoa mabonge makubwa kama yai, hapo si suala la kupumzika. Nenda hospitali.

Maumivu nayo hurudi, na sababu ya kawaida kabisa ni kuacha dawa mapema. Siku ya tatu au ya nne mama anajisikia nafuu, anaona dawa hazina kazi tena, na usiku maumivu yanamkamata asiweze hata kugeuka. Ile nafuu ililetwa na dawa. Kama umeandikiwa paracetamol au ibuprofen, meza kwa saa zake kama ulivyoelekezwa, usingoje maumivu yapande ndipo uyafukuze. Ukiwa umepewa dawa kali za jamii ya mofini, tarajia kukosa choo. Kunywa maji, tembea kidogo kidogo, na omba dawa ya kulainisha choo mapema badala ya kuja kujikamua. Ukikohoa, ukicheka au ukienda choo, kandamiza mto mdogo juu ya mshono. Na usishtuke gesi ikikupa maumivu mpaka begani. Hutokea baada ya upasuaji wa tumbo, na kutembea husaidia.

Sasa mshono wenyewe, kwa sababu hapa ndipo hofu inapokaa. Maambukizi mara nyingi hayaonekani ukiwa bado wodini. Hujitokeza ukiwa umesharudi nyumbani, wiki ya kwanza au ya pili, wakati kila mtu ameanza kutulia. Mshono ukiwa chini ya tumbo huuoni vizuri, kwa hiyo tumia kioo au mwombe mtu akupige picha kila siku, wakati uleule. Picha za siku tatu zikiwekwa pamoja zitakuonyesha kama wekundu unapungua au unatambaa. Unachotafuta ni joto, uvimbe, wekundu unaoenea, usaha, harufu, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au homa ya nyuzi 38 na kuendelea. Ukiona mojawapo, usiupake kitu chochote ulichoambiwa na jirani. Upeleke uonwe siku hiyo.

Ikitokea mshono ukaachia, pengine daktari ataamua asiushone tena. Ataufungua, atausafisha na kuuwekea shashi, ubadilishwe mara kwa mara ujae nyama kutoka chini kuja juu. Kwa macho inatisha, na huchukua wiki nyingi. Nakuomba uliamini hili: huo mwanya ulioachwa wazi ni matibabu. Ukifungwa juu huku chini kuna usaha, ndipo hatari ilipo. Wala haimaanishi ulikuwa mchafu au mzembe. Maambukizi huwapata hata wanaofuata kila walichoambiwa, hasa wenye kisukari, uzito mkubwa, au waliokaa na uchungu muda mrefu kabla ya kupasuliwa. Ila mshono ukifumuka ghafla na maji mengi kutoka, au ukaona kitu cha ndani kinachungulia, funika kwa kitambaa safi, lala, na upelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Yapo mengine machache yasiyosubiri. Kichwa kinachouma sana ukikaa na kupoa ukilala, siku chache baada ya ganzi ya mgongo, kina tiba yake, kamwambie daktari. Kichwa kikali chenye kuona maruweruwe, au maumivu ya juu ya tumbo, huweza kuwa presha, na presha hupanda hata baada ya kujifungua na hata kwa ambaye hakuwa nayo katika ujauzito. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata na kifua kuchoma, fikiria damu iliyoganda. Hatari hiyo huwa juu kwa wiki sita, ndiyo sababu wauguzi walikuinua kutembea mapema ingawa uliona wanakutesa.

Maziwa nayo yanaweza kuchelewa kidogo kuliko kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida. Kulaza mtoto kifuani ngozi kwa ngozi na kumnyonyesha mara nyingi husaidia. Mshono ukiuma, mpitishe mtoto ubavuni, miguu yake ikielekea mgongoni kwako kupitia chini ya kwapa, au nyonyesheni mmelala.

Kuhusu moyo, nitasema bila kuzunguka. Kulia bila sababu siku ya tatu hadi ya tano ni kawaida, na huisha ndani ya wiki mbili. Kuna pia huzuni ya peke yake: ulijiandaa kusukuma, ukaishia mezani. Unaweza kumpenda mtoto wako sana na bado ukaumia kwa jinsi alivyokuja. Atakayekuambia ulipita njia rahisi, huna deni la kumjibu. Lakini huzuni ikivuka wiki mbili, ukakosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, ukamwona mtoto kama si wako, au wazo la kujidhuru likapita, mwambie mtu leo na uende kituo cha afya. Sonona baada ya kujifungua hutibika, na zipo dawa unazoweza kutumia ukinyonyesha.

Mwisho, chagua mtu mmoja nyumbani, mume, mama au dada, umweleze dalili hizi zote. Mama mwenye homa husema amechoka tu, na mwenye sonona husema yuko sawa. Mtu huyo awe na ruhusa yako, tangu sasa, ya kukupeleka hospitali hata ukikataa.