Maswali na Majibu: Mavazi ya Mashujaa wa Katuni za Televisheni

Spider-Man wa katuni ya 1967 mbona hana utando mwilini? Wachoraji walisahau?

Hawakusahau. Mtazame vizuri: utando upo kwenye barakoa, glovu na buti, mwili uliobaki ni rangi tupu. Katuni ile ilichorwa kwa mkono, na fedha zilikuwa haba hata kampuni iliyoianzisha, Grantray-Lawrence, ikafilisika. Kitabuni, Steve Ditko, mchoraji wa vitabu vya Spider-Man, akishachora utando kwenye picha moja, picha hiyo imekwisha. Katuni ya televisheni haiko hivyo: shujaa akiinua mkono tu, anachorwa tena na tena, na kila mstari wa vazi lake unarudiwa. Naomba jambo hili likae vichwani, maana barua nyingi zinazonifikia humwita mvivu mchoraji aliyekuwa anahesabu mistari ili kipindi kikamilike.

Kwa nini Superman anavaa chupi juu ya suruali?

Ni vazi la wanyanyua vyuma wa sarakasi za zamani. Nimelijibu hili mara nyingi. Someni majibu yaliyopita kabla ya kuandika.

Robin wa Batman: The Animated Series ni Dick Grayson, lakini kavaa suruali ndefu. Si kosa hilo?

Si kosa. Jina ni la Dick Grayson, Robin wa kwanza aliyeacha mapaja wazi vitabuni, vazi ni la Tim Drake, Robin wa baadaye, lililobuniwa na Neal Adams na kutoka mwaka 1990. Waliamua vyema. Gotham, mji wa Batman, katika katuni hiyo ilipakwa rangi juu ya karatasi nyeusi, na Robin wake ni kijana wa chuo. Mapaja wazi mle ndani yangeharibu kila kitu.

Vazi la Harley Quinn lilitoka kitabu gani?

Hakuna. Paul Dini na Bruce Timm walimbuni kwa ajili ya katuni hiyohiyo ya Batman, 1992, vitabu vilimfuata. Anayekuuzia Harley "wa miaka ya 1980" ni tapeli.

Storm wa X-Men mama yake ni Mkenya. Mbona hawakumvika hata kanga?

Nashukuru hawakumvika. Wamarekani wa wakati ule walipotaka kumwonyesha Mwafrika walikimbilia ngozi ya chui na mifupa shingoni. Dave Cockrum, aliyembuni na Len Wein mwaka 1975, alimpa vazi jeusi na joho, na katuni ya 1992 ikamvika nyeupe. Akipaa na joho lile limetanda, unamwona mtu mwenye mamlaka juu ya mvua na radi. Wanaotaka Storm wa kanga wamchore wenyewe, ila waanze kwa kuwauliza wanawake wa Mombasa kanga inavaliwaje.

Wolverine wa njano ni wa kitoto. Si bora ngozi nyeusi za sinema ya mwaka 2000?

Hapana. Wapange X-Men wote waliovaa nyeusi gizani, kisha unionyeshe Wolverine ni yupi.