Skrepa mbichi haingii chunguni, vijana wangu

Asalaam alaykum vijana wa tanuri, nyie mnaoyeyusha skrepa ya alumini mkamimina sufuria. Sikuwa na nia ya kuandika, lakini Jumamosi nimepita pale banda jipya nikamuona kijana mmoja, mzuri tu, mchapakazi, kachukua pistoni kwenye gunia lililolala nje usiku kucha na mvua yote ile, anaipeleka moja kwa moja chunguni. Nilipiga ukelele mpaka wauza urojo wa ng'ambo ya njia wakageuka. Ananambia, "Ami, imekauka hii, iguse." Jamani. Kukauka kwa mkono siko kukauka kwa tanuri. Na hii ni mara ya tatu mwaka huu naona jambo hilo hilo, kila banda na kijana wake, basi nikasema leo nakaa naandika.

1. Sumaku iwe mfukoni kila siku. Kinachonata si chetu, kitoe, na boliti za chuma zitoe kabla hazijazama.

2. Msingoje iwe nyekundu. Hili wengi mnakosea kwa sababu mmeona mafundi chuma wanavofanya. Chuma kinayeyuka kwenye nyuzi 1,538 huko, alumini 660 tu, ishakuwa uji zamani na rangi yake bado ya fedha vile vile, wewe unaongeza blowa, ile feni ya kupulizia moto, unangoja iwake. Ukiona chungu chenyewe kimekuwa chekundu sana ujue unaunguza mali, taka ya juu inazidi na uji unakunywa hewa, halafu sufuria inatoka na vitundu mnalaumu mchanga wa kalibu, ule tunaomiminia uji upate umbo. Mchanga hauna kosa.

3. Unyevu. Hapa naomba mkae chini mnisikilize.

Mnaokumbuka kile kiza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima haina umeme miezi mitatu. Blowa zimelala, tukarudi kwenye mivukuto ya mkono, kazi ya siku moja inakwenda siku tatu, oda za sufuria za shughuli zimejaa daftari zima. Umeme uliporudi tu tukavamia kazi kama watu walioachiwa, na masika nayo ikaingia. Skrepa ipo uani, turubali lina matundu.

Kawaida yetu, na ndiyo niliyofunzwa, ni kupanga skrepa ukingoni mwa tanuri ipate moto polepole mpaka moshi wa oili uishe, ndipo inaingia. Siku ile nilikuwa mimi ndiye mkubwa wa tanuri. Kulikuwa na silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ya gari ya Kijapani, nimeigusa juu kavu kabisa. Nyie mnajua silinda hedi ilivyo, ina njia za maji ndani, ule utumbo wake hauonekani. Mwenzangu alikuwa na miaka 19, kaishika kwa koleo akaniuliza, "Ishapashwa hii?" Nikamwambia itie, tajiri anakuja saa kumi anataka kuona kalibu zimejaa.

Akaitia.

Maji yakigeuka mvuke yanatanuka kiasi cha mara 1,700. Kikombe kimoja tu kilichojificha ndani ya hedi, kimefunikwa na uji, hakina pa kutokea. Sikusikia mlio kama watu wanavodhani, nilisikia kifua kimesukumwa, kisha nikaona uji upo juu ya bati la paa unateremka. Yale matone yaligandia pale, niliyaona kila nikinyanyua kichwa mpaka siku niliyohama banda lile. Yeye alivaa jezi ya nailoni. Nailoni vijana wangu haiungui ikaisha, inayeyuka inashikana na ngozi. Mkono wa kulia wote na upande wa shingo. Nikamvuta mpaka bombani nikamwagia maji, nikaendelea kumwagia, mtu akaja na dawa ya meno nikamfukuza, mpaka gari ikapatikana.

Sasa hilo ni kosa la kwanza na ningeweza kukomea hapo. Tajiri alipofika akauliza, nani katia? Nikasema yeye. Na ni kweli mkono uliotia ulikuwa wake, lakini amri ilikuwa yangu na swali aliniuliza mimi, nami nikanyamaza. Tajiri akasema basi huo ni uzembe wake, matibabu atajitegemea. Siku nane nimekaa na neno lile. Nakula haliteremki.

Siku ya tisa nikenda kwao. Amelala kwenye mkeka, mkono umelazwa juu ya jani la mgomba. Mama yake akanitilia uji, akakaa kitako mbele yangu akasema, "Mwanangu kanambia wewe ndiye uliyemmwagia maji, usingekuwepo angekwisha. Mungu akulipe, baba." Yule kijana ananitizama tu. Hakumwambia mama yake kitu, alijua kila kitu na hakusema. Uji ule sikuumaliza. Nikamwambia bibi yule palepale kuwa mimi ndiye niliyesema itie, kisha nikatoka nikenda kwa tajiri nikamwambia vile vile. Tajiri alilipa dawa, na mimi akanitoa tanurini miezi minne nikawa nachambua skrepa uani, na ilikuwa haki. Mwenzangu leo anafunga madirisha ya alumini, vidole viwili havinyooki sawa. Idi tunapeana mkono, ananipa ule ule wa kulia.

Kwa hivo mkubwa wa tanuri akikuuliza wewe mdogo, jibu. Na ukiwa mdogo umeuliza ukaambiwa itie tu, weka koleo chini. Hutofukuzwa, na ukifukuzwa njoo kwangu.

4. Kipande chepesi kupita kiasi, tia tone la siki. Kikitoa povu hicho ni magnesiamu, kikishika moto kinawaka mweupe na maji hayakizimi, yanakichochea. Mchanga mkavu tu.

5. Shokapu na chupa za dawa za kupulizia zilizoziba, msizitie kamwe. Rejeta zenye lehemu na mabaki ya betri visiingie kwenye uji wa sufuria, risasi haionekani kwenye mchuzi na watakaokula ni watoto wetu.

6. Msione haya kwa kazi hii. Naona mkirudi majumbani mnajificha mikono. Charles Martin Hall, yule Mmarekani aliyepata njia ya kutoa alumini kwa umeme, Februari 1886, alikuwa na miaka 22 na alifanyia kwenye banda la kuni la kwao huko Oberlin, dada yake Julia akimsaidia. Mwaka ule ule Mfaransa Héroult wa umri ule ule akapata njia ile ile. Miaka miwili baadae Hall na wenzake wakafungua kampuni Pittsburgh, 1907 ikabadilishwa jina ikawa Aluminum Company of America, ndiyo Alcoa ya leo. Na walipoanza madini wanayo lakini wanunuzi hawana, na miongoni mwa vitu vilivyowafungulia soko ni sufuria na mabirika. Sufuria! Kitu hiki hiki tunachomimina hapa Mwanakwerekwe.

Na sisi tuna zaidi, kilo moja ya alumini mpya inakula kiasi cha yuniti 14 za umeme, piga hesabu kwa mita yako ya nyumbani, wakati kuyeyusha skrepa kunachukua kama asilimia 5 tu ya nguvu hiyo. Kila pistoni mnayoiokota ishalipiwa umeme wake zamani.

Lile gunia la pistoni pale mlangoni nimeliinua kidogo, chini yake pana maji. Liingizwe ndani leo kabla ya magharibi, na hedi zote zigeuzwe tundu chini juu ya matofali. Kesho asubuhi napita.