Plasta nyeupe, damu inajaa ndani

Babangu ana ule ugonjwa wa pleteleti, zile chembe za kugandisha damu, kuwa nyingi kupita kiasi, miaka anameza aspirini kila siku, sasa daktari akataka atolewe uboho kwenye mfupa nyuma ya nyonga ukapimwe. Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Ganzi, sindano, akabonyezwa kidonda, plasta, tukavuka feri kurudi Likoni mzee anadai mahamri yake.

Usiku akaanza kulalama. Kila nikichungulia plasta naiona nyeupe pepepe, nikasema ah, maumivu tu ya sindano hayo. Hapo ndo nilichemsha. Damu ilikuwa yavuja kwa ndani inajaa kwenye nyama za tako, na huko mtu anaweza kumwaga damu nyingi shuka isipate hata doa. Kilichonishtua ni kikoi, alisimama aende msalani akashindwa kukifunga, upande mmoja umevimba mgumu kama embe bichi, jasho la baridi linamtoka na mguu anasema una ganzi.

Shangazi naye huyo na karai la maji moto amkande! Nia yake njema, lakini joto latanua mishipa, damu ndo yazidi. Na brufeni iliyokuwa kabatini nayo usiguse, inazipunguza nguvu pleteleti, mpe Panadol ya kawaida. Sisi tulimlaza chali, taulo tumelikunja gumu chini ya kidonda ili uzito wake ubonyeze, halafu tuktuk mbio, na ile foleni ya feri usiku wacha tu.

Hospitali hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, imeshuka, siti skani ikaonyesha damu ilivyovilia, akatundikiwa damu na pleteleti juu. Nikauliza, si anazo nyingi tayari? Daktari akaniambia ni nyingi lakini hazifanyi kazi sawa, na zikishaguswa na aspirini ndo basi mpaka mwili utengeneze mpya, wiki moja hadi siku kumi hivi. Yeye damu ilisimama, ila isiposimama kuna kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa kuanzia kinenani wakauzibe unaovuja.

Msiogope kipimo lakini. Uingereza walihesabu vipimo vya uboho karibu 55,000, ripoti ikatoka 2003, waliovuja damu vibaya ni 14 tu. Ila kabla ya kudungwa taja kila kitu mgonjwa anachomeza, aspirini, wafarini (dawa ya kuzuia damu isigande), hata habasoda, na usimwachishe dawa kwa kichwa chako maana yeye aspirini ndo inamkinga damu isigande, daktari ndo aamue.

Na mkifika kule usiku usianze na "mzee anaumwa mgongo" kama mimi, tukakalishwa kwenye benchi. Sema neno la kwanza: jana alitolewa uboho, anatumia aspirini, na uvimbe unazidi.