Nilichokipata nikisomea sanaa za maonyesho chuoni

Nilipoanza mwaka wa kwanza nilidhani nimekwenda kujifunza kusema: sauti ifike viti vya nyuma, nilie nikitakiwa kulia. Kilichonikaa hadi leo ni kingine kabisa, kunyamaza na kumsikiliza mwenzangu.

Nilikielewa kwenye mazoezi ya muhula wa pili. Tulikuwa wawili jukwaani, mimi nimekariri mistari yangu yote hadi nukta. Mwenzangu akaruka sentensi mbili. Nami nikajibu vilevile, neno kwa neno, swali ambalo hakuliuliza. Mwongozaji akatusimamisha. Aliyesahau hakuguswa, niligeukiwa mimi: "Umemjibu nani?" Tukarudia onyesho lile zaidi ya mara kumi. Kila mara mwenzangu alibadili kitu, mara anong'one, mara ageuze shingo, mara akae kimya, nami nijibu nilichokipokea, si nilichokikariri. Nilitoka nimechoka kama mtu aliyeshinda analima.

Konstantin Stanislavski, mmoja wa waasisi wa Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, alimtaka mwigizaji atafute kila mara mhusika wake anataka nini. Swali hilo natembea nalo kwenye vikao, kwenye usaili, hata kwenye ugomvi wa nyumbani. Mtu akinifokea, kabla sijajibu najiuliza anataka nini hasa. Mara nyingi si kile anachokisema.

Kwa hiyo wewe unayeanza, usiupime mwaka wako kwa ukubwa wa nafasi ulizopewa kuigiza. Omba kazi nyuma ya pazia. Mimi niliwahi kuwa msimamizi wa jukwaa, na daftari langu ninalo bado: upande mmoja muswada, upande wa pili alama za penseli, taa ya 14, sauti ya mlango, nani anaingilia kushoto. Ni penseli kwa sababu mambo hubadilika kila siku. Mwigizaji akichelewa sekunde tano, ni wewe, gizani, unayeamua kama taa ingoje. Huko nilijifunza kupanga ratiba, kubana bajeti, na kumwambia aliyenizidi umri kwamba amechelewa bila kumvunjia heshima. Na hakuna kuomba siku za nyongeza. Tiketi zikishauzwa, pazia hufunguliwa saa iliyotangazwa.

Nadharia nayo usiikimbie. Kwangu ilikuwa mzigo mpaka tulipomfikia Augusto Boal wa Brazili. Katika miaka ya 1970 alikuza namna ya maigizo ambamo mchezo husimamishwa, mtazamaji akapanda kuchukua nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Baadaye, akiwa diwani wa Rio de Janeiro, aliitumia mbinu hiyo kukusanya mawazo ya wananchi kwa ajili ya kutunga sheria. Tulipoijaribu darasani, kwa kisa cha kibarua aliyenyimwa ujira, aliyepanda wa kwanza ni mwenzetu ambaye mwaka mzima hakuwahi kunyoosha mkono. Alimkabili "bosi" kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo.

Kuhusu ajira niseme wazi: kazi za kuigiza ni chache na hazina uhakika. Ongeza ujuzi wa mkono ungali chuoni, uwe wa taa, sauti, kushona maleba, yaani mavazi ya jukwaani, au kuandika. Wenzangu wengi sasa wako redioni, madarasani na kwenye miradi ya uelimishaji jamii, na wanafanya kazi nzuri.

Mzazi akikuuliza utakula nini, usikasirike, ana haki ya kuuliza. Mwalike, ila si usiku wa onyesho, mlete mazoezini. Mama yangu alikuja mara moja, akakaa safu ya nyuma, akatuona tukirudia kufungua mlango mmoja karibu saa nzima. Tulipokuwa tunatoka aliniuliza kwa nini ule mlango mwishoni ulifunguliwa polepole. Tukalizungumza hilo njia nzima.