Tumbo kujaa na kichwa kuuma baada ya kubadili mlo

Pole. Unasema tangu ubadili mlo tumbo linajaa gesi, kichwa kinauma, na ulipungua kilo 2 wiki ya kwanza kisha mizani ikagoma. Hayo ni mambo matatu yenye sababu tofauti.

Gesi inatokana na nyuzinyuzi. Bakteria wa utumbo mpana huzichachusha, na ukianza ghafla kula maharage na mboga kila mlo, tumbo halijazoea mzigo huo. Ongeza nyuzinyuzi gramu 5 hivi kwa wiki hadi ufike 25 au 30 kwa siku. Maharage yaloweke usiku kucha, kisha mwaga maji yake. Kunywa maji zaidi pia, maana nyuzinyuzi nyingi bila maji huleta choo kigumu (hapo ndipo wengi hukata tamaa).

Kichwa, kama uliacha kahawa ghafla, ni kukosa kafeini. Maumivu huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufikia kilele siku ya pili hivi, na huweza kuendelea hadi siku 9. Ungepunguza nusu kikombe kila baada ya siku chache.

Zile kilo 2 ni maji kwa sehemu kubwa. Kila gramu ya glaikojeni (akiba ya wanga mwilini) hushika takriban gramu 3 za maji, na akiba hiyo ndiyo hutumika kwanza. Mafuta hupungua taratibu; nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri.

Ila kama unatumia dawa za kisukari au presha, mwone daktari mapema. Dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno sasa. Ukitetemeka, ukatoka jasho au kupata kizunguzungu, pima sukari na presha papo hapo.