Mamangu anameza tembe mbili za presha kwa pamoja akifungua, afanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Mamangu yuko huku Majengo, ana presha, daktari alimpa tembe za asubuhi na jioni. Ramadhani ilipoingia akakataa katakata kula mchana, sasa zote mbili anazimeza mara moja kwenye futari. Juzi tarawehe akiinuka kwa sijida alipepesuka, almanusra aanguke. Je, akila ana dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Kwanza hiyo ya kumeza mbili pamoja aache leo leo. Mtu ameshinda na joto hili la Mombasa bila tone la maji, halafu anajitwika dozi ya siku nzima kwa mpigo, presha yashuka ghafla, na akiinuka kwa sijida damu inachelewa kufika kichwani, ndio huko kupepesuka. Na kama moja ni ya zile za kukojoza basi maji yazidi kumkauka. Lakini pia asiache dawa kabisa, ziko ambazo ukizikata ghafla presha inaruka juu kuliko ya mwanzo.

Mpeleke kliniki na tembe zake mkononi, aulize kama anaweza kumeza moja futari na moja daku, au abadilishiwe ya mara moja kwa siku. Si mimi wala jirani wa kumpangia. Daktari akisema asifunge, asifunge, hana dhambi. Suratul Baqara aya ya 185, aliye mgonjwa atalipa siku nyingine, na aya ya 195 tumekatazwa kujitia kwenye maangamizo kwa mikono yetu. Wazee wetu bwana, kula mchana waona aibu, bora azimie mbele za watu! Kama maradhi hayatarajiwi kupoa na hawezi kulipa, atatoa kibaba cha mchele kwa maskini kwa kila siku aliyokula.

Tarawehe aswali kwenye kiti, ni sunna ile, hata mzima anaruhusiwa kukaa. Akiinuka kitandani kula daku akae kidogo kwanza. Apunguze achari na chumvi kwenye viazi, na zile dawa za maumivu ya magoti za kemisti, diclofenac na ibuprofen, asinunue kienyeji, zapandisha presha.

Kumpima na mashine ya mkononi mchana hakufunguzi, mpimeni tu.