Ndege mpya ya kivita ikizinduliwa, mimi naanza na magurudumu

Mkuu mleta uzi, umeuliza inakuwaje ndege moja ya kivita ikionyeshwa kwa mara ya kwanza, siku hiyohiyo kuna wanaoapa kuwa ni mbao zilizopakwa rangi, na kuna wanaoapa kuwa Marekani sasa imekwisha. Na sisi tulio mbali tumwamini nani?

Mimi ni fundi wa ndege ndogo hapa Dar. Kazini nashika Cessna Caravan na nyingine za aina hiyo, za jeshi sizigusi. Ila mambo ya uzinduzi wa ndege vita nimeyafuatilia tangu zile picha za mwisho wa mwaka 2010 za J-20, ndege vita ya China, zilizopigwa Chengdu inakotengenezwa, na jibu langu ni hili: achana na anayetoa hukumu, kaa na anayekuonyesha kiungo, yaani sehemu ya mwili wa ndege yenyewe. Mtu akisema "feki" au "kopi" bila kukutajia ni sehemu gani ya ndege iliyomfanya aseme hivyo, mpite. Akikuambia "hebu tazama tundu la kuingizia hewa", hapo msikilize hata kama hampendi Mchina wala Mmarekani.

Zile picha za Chengdu zilikuwa mbovu kweli. Zimepigwa kwa mbali, nje ya uzio wa kiwanda, na hewa ina ukungu. Nilizitazama intaneti kafe, zikifunguka kipande kwa kipande, na chini yake watu wamejaa kucheka: picha za kompyuta, propaganda, Mchina atatoa wapi ndege ya kukwepa rada. Ukumbuke mwaka 2009 waziri wa ulinzi wa Marekani, Robert Gates, alikuwa amesema hadharani kwamba China haitarajiwi kuwa na ndege ya kizazi cha tano, yaani zile za kisasa za kukwepa rada, kufikia 2020. Wengi waliishikilia kauli hiyo. Mimi nilitazama magurudumu. Mguu wa ndege uliobeba uzito hubonyea, tairi hukaa kitako, na hilo huwezi kulipata kwa kukokota sanamu uwanjani. Tarehe 11 Januari 2011 J-20 ikaruka kwa dakika kama 18, ikisindikizwa na J-10, ndege vita nyingine ya China, ya viti viwili, na Gates mwenyewe akiwa Beijing siku hiyo.

Lakini usifikiri kila anayesema "feki" ni mpinzani tu. Februari 2013 Iran ilizindua ndege vita yake Qaher-313 mjini Tehran, Rais Ahmadinejad akiwepo. Washabiki waliichambua ndani ya saa chache, na safari hii walionyesha viungo kimoja kimoja. Chumba cha rubani kidogo mno, mtu mzima amekaa humo kama amevaa ndege badala ya kuipanda. Kioo cha juu hakina uangavu. Matundu ya hewa ni madogo kuliko injini ya ndege vita inavyodai. Hata dashibodi: vyombo vilivyoonekana vilifanana na vya ndege ndogo za kiraia, na hilo nililiona mara moja maana ndiyo dunia yangu. Kisha ikatolewa picha yake ikiwa angani mbele ya mlima Damavand, na watu wakaichimbua picha ileile ya mlima, bila ndege, kwenye mtandao. Hiyo ndiyo kazi ya mshabiki wa kweli. Neno ni lilelile la "feki" lililotumika Chengdu, ila huku lilikuja na ushahidi unaoweza kuukagua mwenyewe.

Baada ya J-20 kuruka, wale wa "feki" wakahamia "kopi". Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo humu tunapopoteza muda mwingi. Jeshi letu lina J-7, na wengi humu mnajua asili yake ni MiG-21 ya Kisovieti. Mwaka 1961 Moscow ilikubali kuwapa Wachina leseni, halafu uhusiano ukavunjika, na nyaraka zikafika pungufu. Ilibidi wahandisi wa China waifungue ndege na kutafuta wenyewe yaliyokosekana. Ya kwanza iliruka Januari 1966, na uzalishaji ukaendelea mpaka 2013. Sasa anayesema "ni kopi tu" ananiambia nini? Kunakili ngozi ya nje ni rahisi. Metali ya mapanga ya injini, inayovumilia joto kali saa baada ya saa, huwezi kuinakili kwa kutazama picha. Ndiyo maana J-20 yenyewe ilianza na injini za Kirusi za AL-31, ikahamia WS-10 ya nyumbani baadaye. Ukitaka kuikosoa J-20 kwa haki, ikosoe hapo kwenye injini. Na usiishie siku ya uzinduzi: ile J-20 ya majaribio yenye namba 2011, iliyoruka Machi 2014, ilikuwa na matundu ya hewa yaliyobadilishwa na marekebisho mengine mwilini. Ndege ya maonyesho hairekebishwi namna hiyo, inawekwa bandani ikisubiri sherehe nyingine.

Tuje 26 Desemba 2024. Chengdu tena, bila hotuba wala utepe, ikapita juu ya mji ndege kubwa isiyo na mkia wa wima, ambayo washabiki wameibandika jina J-36. Siku hiyohiyo nyingine, ndogo zaidi, ikaonekana ya kiwanda cha Shenyang. Serikali ilikaa kimya. Nilifurahi sana siku ile, siyo kwa sababu ya China, bali kwa jinsi watu walivyofanya kazi. Iliyosindikiza ilikuwa J-20 ya viti viwili, na urefu wa J-20 unajulikana, karibu mita 21, kwa hiyo watu wakaitumia kama rula kupima ile mpya. Wakahesabu injini tatu, moja ikivuta hewa kupitia juu ya mgongo. Wakaona vibao kwenye ncha za mabawa vikifunguka na kufunga, ndivyo inavyokaa sawa bila mkia. Na miguu mikuu ilikuwa na magurudumu mawili mawili, moja mbele ya jingine. Kwa fundi hiyo peke yake inatosha: huweki tairi mbili kila mguu kwa ndege nyepesi. Inabeba mafuta mengi, inaenda mbali.

Uzinduzi rasmi wa jukwaani una mambo yake. B-21, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, ilipotolewa Palmdale, California, tarehe 2 Desemba 2022 ilionyeshwa kwa mbele tu, na humu watu walilalamika kwamba wanafichwa. Ndiyo, walifichwa, na kuna sababu. Mwaka 1988, palepale Palmdale, B-2, mtangulizi wake, ilizinduliwa watazamaji wakiwekwa mbele; jarida moja la anga likakodi Cessna, likapita juu, likapiga picha ya nyuma yenye matundu ya moshi. Wamarekani hawakusahau. Nayo Checkmate ya kampuni ya Kirusi ya Sukhoi, iliyozinduliwa kwa mbwembwe Zhukovsky, karibu na Moscow, Julai 2021, iliahidiwa kuruka 2023. Mwaka huo ulipita haijaruka. KAAN ya Waturuki ilitolewa nje Machi 2023, ikaruka Februari 2024 kwa injini za Kimarekani za F110. Kati ya hizo mbili, mimi najua ya kuiamini, na siangalii bendera.

Mwishoni mwa swali lako uliitaja pia F-47, ndege vita mpya ya Marekani: ilitangazwa Ikulu ya Marekani tarehe 21 Machi 2025, Boeing wakapewa kazi. Tulichopewa ni michoro. Humo kuna kitu kinachofanana na vibawa vya mbele, vile vidogo vinavyokaa mbele ya mabawa makuu kama kwenye J-20, na wale waliosema miaka kumi na zaidi kwamba vibawa vya mbele vinaharibu uwezo wa J-20 kukwepa rada, wengi wao hawajarudi kufafanua. Nawaomba warudi, kwa sababu hoja yao ina mantiki na ingetusaidia wote. Jeshi lao la anga lilisema ndege za majaribio zimekuwa zikiruka kwa miaka kadhaa, nami sina sababu ya kulikanusha. Ila kwenye mchoro hakuna mguu uliobonyea, hakuna tundu la hewa la kupima, nyuma hakuonekani. Wanaobishana humu kama inaishinda J-36 wanabishana juu ya rangi na vivuli. Itakapopatikana picha ya ubavuni ikiwa imesimama chini, ilete hapa tuichambue.